Kufundisha uteuzi asilia kwa takwimu za ndege wa Daphne Major

Swali
Walimu wenzangu, nafundisha uteuzi asilia (viumbe wenye sifa zinazofaa mazingira hunusurika na kuzirithisha) kwa takwimu za finchi, ndege wadogo wala mbegu, wa kisiwa cha Daphne Major, Galápagos, ambako Peter na Rosemary Grant walianza utafiti wao mwaka 1973. Wanafunzi wanaisoma grafu vizuri na kuona kwamba baada ya ukame wa 1977 wastani wa unene wa mdomo ulipanda kwa takriban nusu milimita, lakini kwenye madaftari karibu wote wameandika kwamba ndege "walikuza midomo ili wapasue mbegu ngumu". Nimewasahihisha mara mbili bila mafanikio. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Mwalimu, wastani unaficha vifo. Kabla ya kuonyesha grafu, andika ubaoni unene wa midomo ya ndege watano kwa milimita: 8, 9, 9, 10 na 11. Wakikokotoa watapata wastani wa 9.4. Kisha futa 8 na 9 moja, uwaambie kwamba hao wamekufa njaa kwa kuwa mbegu ndogo zimekwisha na zilizobaki ni ngumu, kama zile za mbigili. Wakokotoe tena: watapata 10, ilhali hakuna mdomo hata mmoja uliokua. Mwanafunzi wangu mmoja alisimama akauliza, "Sasa nani aliyebadilika?", na hilo ndilo swali tunalolitaka.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila zoezi likiishia hapo litakuwa limeonyesha nani alinusurika tu. Ongeza vifaranga waliozaliwa baada ya ukame, ambao walirithi midomo minene ya wazazi wao. Usiache pia mvua kubwa za El Niño za 1983, zilizojaza kisiwa mbegu ndogo na kuwanufaisha wenye midomo midogo, maana wanafunzi hudhani uteuzi huelekea upande mmoja daima.

Aliyeuliza
Ahsanteni sana. Je, takwimu hizi zinafaa pia kwa utokeaji wa spishi mpya?

Jibu la pili
Ukame wa 1977 haufai, kwa sababu spishi ilibaki ileile. Tumia habari za dume mgeni aliyefika Daphne mwaka 1981 kutoka kisiwa cha Española, umbali wa zaidi ya kilomita 100, akiwa na mwili mkubwa na wimbo usio wa pale. Alizaa na jike mwenyeji, na baada ya vizazi vichache tu uzao wake ukawa unajamiiana wenyewe kwa wenyewe. Mimi huwauliza wanafunzi ni ushahidi gani zaidi wangeuhitaji kabla ya kuuita uzao huo spishi, na mjadala huo huchukua kipindi kizima.