Kiwanja cha mtaa: tukitengeneze vipi ili kitufae tutakapozeeka?

Mkaazi wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Shehia yetu, huku Ng'ambo mjini Zanzibar, imebakiwa na kiwanja kimoja tu cha wazi, na kamati imeahidiwa mchango wa kukitengeneza. Vijana wanataka uwanja wa mpira wa kikapu, wenye maduka wanataka pa kuegesha gari, na mchoro tulioletewa una mabenchi sita ya saruji yaliyopangwa juani, njia ya kokoto na ngazi tatu za kuingilia. Mimi nina miaka 46, na wengi wanaobishana kikaoni ni rika langu. Saruji tutakayoimwaga sasa ndiyo tutakayoikalia tukifika miaka 70, umri ambao tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar huwalipa pensheni jamii wale walioufikia. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni mambo gani yafanywe mapema, kwa fedha kidogo, kabla hayajawa ghali kurekebishwa.

Fundi Mchoraji
Waalaykum salaam. Yaliyo magumu kurekebishwa baadaye ni mwinuko wa ardhi na miti. Ngazi zifuteni kabisa: ikiwa kila moja ina kimo cha sentimita 15, jumla ni sentimita 45, na kwa mteremko wa 1 kwa 12, ambao wachoraji wengi huuchukua kuwa ndio mkali wa mwisho, mnahitaji njia ya mita 5.4 tu. Mkiweza kuurefusha, urefusheni, kwa sababu mwenye kujisukuma kwa kiti cha magurudumu huuhisi kila mwinuko mikononi. Kokoto nazo ziondoeni. Wekeni sakafu ya saruji iliyopigwa fagio kabla haijakauka, ili isiteleze wakati wa masika.

Miti ipandwe kabla ya benchi la kwanza, na mabenchi yafuate kivuli. Mimi ningepanda mwarobaini kuliko mwembe, kwani embe bivu lililokanyagwa ni hatari kwa mwenye bakora (watoto watanilaumu kwa hili).

Juu ya viti, wajenzi wa Mji Mkongwe walituachia somo: baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta wa nyumba ni kiti chenye egemeo, na maji yakijaa njiani, hiyo hiyo huwa njia ya kupitia. Kama kiwanja chenu kimepakana na ukuta, jengeni baraza hapo, kimo cha sentimita 45 hivi.

Binti wa Michenzani
Nakubaliana na Fundi, ila baraza ina upungufu mmoja. Mama yangu anaishi katika majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na ambayo hayana lifti, kwa hiyo kila anaposhuka ni safari iliyopangwa. Akitaka kusimama huirudisha miguu nyuma kidogo, huikita bakora, kisha mkono wa pili hutafuta pa kusukumia. Kwenye saruji tupu haupati kitu, na huishia kulishika bega la mjukuu. Wekeni vishikio vya chuma pande zote mbili za angalau baadhi ya viti.

Pia naomba kamati ijiulize wanawake watakaa wapi. Baraza za kahawa, bao na dhumna ni za wanaume, na bibi aliyechoka njiani hawezi kwenda kujibana kati yao. Choo nacho kisisahauliwe. Mama hukataa kunywa maji kabla ya kutoka, kwa kuogopa tu kwamba hatapata pa kwenda.

Mwalimu Mstaafu
Nina miaka 72, na nawaombeni msitutengenezee pembe ya wazee yenye utulivu. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wazee hawafuati utulivu. Wanafuata kahawa, mabishano ya siasa na watu wanaopita. Uwanja wa mpira wa kikapu uacheni, ila viti vyetu viutazame, kwa umbali ambao mpira hautatufikia. Maegesho ndiyo nayapinga, kwa sababu gari likishapewa nafasi haliirudishi. Na kabla ya yote, tazameni njia ya kuja: mtaani kwangu mtaro hauna mifuniko mahali pawili, na kiwanja kizuri ng'ambo ya mtaro huo kwangu mimi hakipo.

Mkaazi wa Ng'ambo
Nawashukuru nyote. La mtaro limenigusa, kwani mchoro wetu unaishia mpakani mwa kiwanja. Jumamosi, baada ya alasiri, nitatembea na majirani wawili wenye bakora kutoka milangoni mwao hadi kiwanjani, na kila watakapohitaji kupumzika nitatia alama ya chokaa. Fundi, je, kwenye vichochoro ambavyo upana wake hauruhusu baraza, kuna kiti chembamba cha kukunjwa ukutani ambacho chumvi ya bahari haitakila?