Kuvu ukutani katika nyumba ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa

Muulizaji: Assalaam aleikum. Nyumba yetu ya mawe ya matumbawe hapa Kibokoni, tuliyorithi kwa nyanya, huota kuvu kila masika, na rangi inabambuka ingawa mwaka jana fundi aliipiga lipu ya saruji. Tufanyeje?

Jibu la kwanza: Waaleikum salaam. Nionavyo, saruji hiyo ndiyo shina la tatizo, kwa kuwa kuta za matumbawe hufyonza maji na kuyaachilia polepole kupitia lipu ya chokaa, ilhali saruji na rangi ya plastiki huyafungia ndani pamoja na chumvi, ambayo ikiganda huisukuma rangi. Ibandueni, ukuta ukauke barabara, kisha mpige chokaa. Kabla ya hayo, kagueni mifereji ya paa.

Jibu la pili: Naafiki, ila yapo maji yanayotokea humo humo ndani ya nyumba: mvuke wa jikoni na nguo zinazoanikwa chumbani. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa mahali pa baridi, hasa penye kiyoyozi, unyevu huo hugeuka matone. Kabati nalo lisiegemee ukuta, ili hewa ipite.

Muulizaji: Shukrani. Kiyoyozi hatuna, lakini kabati limeegemea ukuta huo huo. Nitaanza na mifereji.