Mjadala: Vifuko vya seli za kinga katika damu ya sato vitamfaa nini mwenye vizimba vya samaki ziwani?

Mleta mada, Morogoro
Waungwana, seli za kinga za samaki humwaga kwenye damu vifuko vidogo mno, vya nanomita 30 hadi 150 hivi, vikiwa vimebeba protini na vipande vya RNA (nakala za maagizo ya jeni) vya seli iliyovitoa. Kwa samoni wa Atlantiki, ilichapishwa mwaka 2010 kwamba seli hizo zikichokozwa kwa DNA inayofanana na ya bakteria, huvitoa. Virusi vya TiLV, vinavyoua sato, viliripotiwa Ziwa Victoria mwaka 2018, na kuvipima kwenye ini au ubongo ni lazima umuue samaki. Naomba fedha za utafiti zielekezwe kwenye vifuko hivi, tuone kama damu yaweza kutuonyesha ugonjwa bila kumuua samaki, maana wafugaji wetu hungoja mizoga ielee ndipo wamwite mtaalamu.

Mfugaji, Sengerema
Ndugu yangu, uliandika vizuri mpaka ulipofika kwenye mizoga. Alfajiri mimi huwa kizimbani nikitazama sato wanavyogombania chakula, na yule anayekiacha, akawa mweusi na kujibanza kwenye wavu, namwona siku nyingi kabla hajaelea. Mara ya mwisho nilipiga simu siku hiyohiyo, sampuli ikapelekwa kwenye barafu, na majibu yakanifikia baada ya wiki tatu, nimekwisha kuzika samaki. Ni nani aliyengoja hapo?

Daktari wa mifugo, Kisumu
Kaka wa Sengerema ana haki ya kukasirika, lakini weusi na kujitenga ni dalili za mambo mengi. Mwaka 2022 huku kwetu samaki wa vizimba walikufa kwa wingi maji ya chini yenye oksijeni haba yalipopanda juu, na hapo kilichohitajika ni kipima oksijeni. Tena seli nyekundu za samaki zina kiini na ni nyingi kuliko za kinga, nazo huweza kumwaga vifuko vyake. Ukishachota damu, utajuaje kifuko kipi kimetoka wapi?

Mleta mada, Morogoro
Neno la mizoga naliondoa, na mzee wa Sengerema aniwie radhi. Daktari, asili ya kifuko hutambuliwa kwa protini zilizo juu ya utando wake, ingawa kwa sato vitambuzi vya protini hizo ni vichache. Kuvitenganisha nako kwa kawaida kunahitaji mashine inayozungusha kwa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia, na mashine hiyo haibebeki kwenye mtumbwi.

Mfugaji, Sengerema
Nimepokea, yamekwisha. Kutoa damu hakunitishi: matone ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo, sato analegea, sindano inaingia chini ya mkia, kisha anarudishwa majini. Ila kama mashine yenyewe itawekwa Morogoro, damu ya Sengerema itasafiri siku ngapi, na gharama ya barafu ataibeba nani?