Kaka yangu amekubali kwenda mkutano wa kuacha pombe, tuanzie wapi?

Dada wa Pili:
Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri, na tafadhali kejeli tuweke pembeni, maana jambo hili linaniuma. Kaka yangu mkubwa anakunywa kila siku. Asubuhi hawezi hata kushika kikombe mpaka azimue kwanza. Juzi ametamka mwenyewe kwamba yuko tayari kukaa na watu wenye shida kama yake, na sitaki hamu hiyo ipoe. Nimesikia habari za AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mikutano yao inapatikanaje? Kuna ada? Naruhusiwa kumsindikiza? Yeye hofu yake kubwa ni kukutana na mtu anayemfahamu.

Mkaa Mbele:
Pole dada, na mpe hongera kaka. Kutamka tu ni kazi kubwa. Mimi ni mwana-AA na pombe siigusi tena.

Ada hakuna, fomu hakuna. Sharti la uanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Mchango hupitishwa, mwenye chochote anatia, asiye nacho haulizwi. Atajitambulisha kwa jina lake la kwanza, na akiona mdomo mzito aseme "leo nasikiliza". Hakuna atakayemshurutisha kuongea.

Ukitaka kumsindikiza, ulizia mkutano wa wazi. Huo ndugu na marafiki wanaingia. Ule wa wanachama peke yao ni kwa wenye tatizo lenyewe tu, kwa hiyo utabaki nje. Tovuti ya aa.org ina sehemu ya kutafuta ofisi iliyo karibu nanyi. Kama hakuna kikundi karibu, au anaona haya, aa-intergroup.org ina orodha ya mikutano ya mtandaoni, ya usiku na ya mchana, na kamera anaweza kuizima.

Kuhusu kuonekana: atakayemkuta mle ndani mara nyingi kaletwa na shida ileile. Yanayosemwa mle hayatakiwi kutoka. Ila nikuambie ukweli, hayo ni makubaliano ya watu, hayana kinga ya kisheria. Mambo mazito sana asiyamwage siku ya kwanza mbele ya wote. Na mkutano ukiisha asikimbilie mlangoni. Hapo ndipo watu hupeana namba za simu, na simu hizo ndizo zitakazomwokoa usiku ule kiu itakapombana.

Muuguzi wa Zamu:
Wakuu, mmeruka kitu. Huyo anazimua asubuhi! Mikono inatetemeka kwa sababu mwili umeshaitegemea pombe. Mtu wa namna hiyo akikata ghafla akiwa peke yake anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine kuanzia siku ya pili au ya tatu wanaweweseka, wanaona visivyokuwepo, homa inapanda, na watu hufa kwa hali hiyo. Dada, mpeleke kwa daktari kwanza, na mpaka amwone asiache kwa mkupuo. Kuna dawa za kumvusha salama siku hizo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Baadaye zipo pia za kupunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati.

Mkutanoni akikutana na mtu anayemwambia kwamba anayemeza vidonge hajaacha kweli, asimsikilize. AA wenyewe wanasema mambo ya dawa ni ya mgonjwa na daktari wake.

Hoja Binafsi:
Mimi zile hatua 12 za AA, ndiyo njia yao ya kuacha pombe, zilinishinda, habari za kumkabidhi Mungu maisha sikuziweza. Nikaenda SMART Recovery, walioanza mwaka 1994. Wao wanafundisha mbinu za kuitambua tamaa na kuivusha, na mazungumzo ni ya pande zote. Wana mikutano ya mtandaoni pia. Nasema hivi ili kaka akiona njia moja haimfai asidhani milango yote imefungwa.

Mkaa Mbele:
Sipingi. Ila hata AA kila kikundi kinajiendesha chenyewe, na hapo penye neno Mungu kila mtu anaelewa kwa namna yake. Kikundi kimoja wanasali sana, kingine wanasimuliana maisha tu. Asihukumu kwa mkutano mmoja, aonje vikundi kadhaa.

Dada wa Pili:
Asanteni sana. Muuguzi umenishtua, nilikuwa nimepanga kumfungia ndani asinywe! Kesho tunaenda kliniki kwanza. Swali la mwisho: akianguka akanywa tena, wanamfukuza?

Mkaa Mbele:
Hafukuzwi. Anarudi, anakaa, anaanza upya, na wengi wanaompokea wamewahi kurudi vilevile. Na wewe dada usijisahau. Kuna Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu na wenzi wa walevi. Nenda hata kama yeye atasita.

Muuguzi wa Zamu:
Nimefurahi kusikia hivyo. Kliniki mwambieni daktari kiasi halisi anachokunywa, na lini alikunywa mara ya mwisho. Wengi hupunguza kwa aibu, halafu dozi ya dawa inapangwa kwa hesabu ya uongo. Kama aliwahi kupata degedege alipojaribu kuacha zamani, hilo litajeni kwanza kabla ya yote.

Dada wa Pili:
Aliwahi, mara moja. Nitalisema.