Tanga: Tumeuziwa seva yenye funguo za watu wengine ndani, tunaambiwa ni kawaida

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, nakaa Ngamiani, nahudumia ofisi ndogo ndogo: mtandao, mifumo ya uhasibu, printa. Kampuni iliyonifikisha hapa sitaitaja, nimewapa hadi Ijumaa wajibu kwa maandishi. Ila jambo lenyewe lazima lisemwe, maana nina hakika humu wapo waliouziwa mzigo huu huu na hawajui.

Kuna chama cha akiba na mikopo nakihudumia. Wanachama wengi ni akina mama wa sokoni na wavuvi. Mfumo wao ulikuwa kwenye kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, ndani yake nimeweka VM mbili (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta moja), moja ya hesabu na moja ya mafaili. Anayefanya kazi huku pwani anajua hewa ya chumvi inavyokula bodi na feni. Ilipokufa pawa saplai ya tatu, kikao kikaamua tuhamie kwenye klaudi, yaani seva za kukodi mtandaoni, na mimi ndiye niliyesimama kuwashawishi wazee wakubali. Ikapatikana kampuni ya Dar. Mkataba unasema watachukua imeji za diski zetu (nakala nzima ya kila diski), watazirekebisha ziendane na mitambo yao, watakabidhi seva zinazofanya kazi. Nusu ya pesa ikalipwa mbele.

Kero ya kwanza naipita haraka. Walitaka nipandishe imeji ikiwa raw, yaani bila kubanwa, diski ya GB 80, wakati data halisi ndani yake ni GB 11. Raw ukiipandisha hivyo, hata nafasi tupu inasafiri, sifuri kwa sifuri, na bando linakatwa kama kawaida. Nikaomba niibane iwe qcow2, muundo wa imeji usiobeba nafasi tupu, kwao waigeuze tena kwa programu ya qemu-img, amri ya mstari mmoja. Wakakataa. Nimekaa usiku tatu napandisha, inakatika njiani, naanza upya.

Halafu seva haikuwaka siku tano. Skrini nyeusi tu. Hapa nitasema na langu: fstab ya ile VM, faili linaloiambia Linux diski zake ni zipi, niliiandika mimi miaka mingi nyuma, nikaandika jina /dev/sda1 badala ya UUID, namba ya diski isiyobadilika. Kwenye mitambo yao diski inakuja kwa virtio, njia ya VM kuunganishwa na diski, kwa hiyo jina linakuwa vda, na initramfs yetu, kifurushi cha kuwashia mfumo, haikuwa na draiva ya virtio. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaamka, inatafuta diski, haioni, inalala. Hilo ni kosa linalojulikana dunia nzima na ndiyo maana halisi ya neno "kurekebisha imeji" lililoandikwa kwenye mkataba wao. Unaifungua imeji kwa guestfish, programu ya kuhariri imeji, VM ikiwa imezimwa, unasahihisha fstab, unatengeneza initramfs upya yenye draiva, unaongeza console=ttyS0 ili mashine ikigoma usome inalia nini. Fundi aliyezoea anamaliza kabla chai haijapoa. Siku tano wakuu, wanachama wanaandikiwa marejesho kwenye daftari.

Siku ya sita nikapigiwa: "Mkuu, tayari, ingia." Nikafurahi. Nikashukuru hata.

Sasa sikilizeni. Nikaingia seva ya hesabu kwa SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, ikanionyesha alama ya ufunguo wake, nikakubali. Nikaingia seva ya mafaili, mara ya kwanza kabisa, anwani nyingine kabisa. SSH ikaniambia ufunguo huu tayari inaujua, kwa anwani ile ya seva ya hesabu. Nikaganda. Seva mbili tofauti haziwezi kuwa na ufunguo mmoja isipokuwa zimefyatuliwa kutoka imeji moja ambayo haikusafishwa. Na imeji zetu mbili hazikuwa na asili moja, nilizijenga mwenyewe kwa nyakati tofauti. Nikaenda kuangalia toleo la mfumo. Si letu! Hawakurekebisha chochote. Walishindwa kuwasha imeji zetu, wakachukua imeji yao ya dukani, wakamwaga mafolda yetu ndani, wakanyamaza. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikafungua /root/.ssh/authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia. Mistari mitatu. Mmoja ni wangu. Miwili siijui, mwishoni mmoja umeandikwa jina la laptop ya mtu. Maana yake mwenye laptop hiyo, popote alipo, anaingia kwenye hesabu za akina mama wale kama root, mwenye mamlaka yote, bila paswedi, saa yoyote. Nikafungua .bash_history, kumbukumbu ya amri zilizoandikwa kwenye seva. Nilitegemea iwe tupu, seva mpya hii. Ilikuwa na mistari zaidi ya mia nne. Nikasoma ya juu kumi hivi mikono ikaanza kutetemeka: mtu anatoa nakala ya hifadhidata ya zahanati, jina la zahanati liko pale pale kwenye jina la faili, na paswedi ya MySQL ameiandika kwenye amri yenyewe, herufi kwa herufi. Nikaifunga. Sikuitumia na sitaitumia. Lakini niliiona, na kila mteja aliyepewa imeji ile anaweza kuiona.

Yaani walichukua seva ya mteja wao mmoja ikiwa inafanya kazi, wakaikopi, wakaiita template, yaani kiolezo, wanaigawa. Bora liende ya namna hii sijawahi kuiona.

Kwa wasio mafundi niseme hivi. Imeji ya diski ni kama nyumba iliyonakiliwa yote, mpaka kitasa na ufunguo wake. Ukinakili nyumba ya fulani ukampangisha mwingine bila kubadili kitasa, wote wawili wanafungua milango ya wenzao. Ule ufunguo wa seva, faili za ssh_host, ndio unaoithibitishia kompyuta yako kwamba seva unayoongea nayo ndiyo yenyewe. Wakiwa nao wateja kumi, yeyote kati yao akipata njia ya kukaa katikati anaweza kujifanya seva yetu, na onyo la SSH kwamba ufunguo umebadilika, tunalolitegemea, halitatokea.

Tena haikuishia kwenye hatari ya kufikirika. Jumatatu saa tatu asubuhi mhasibu ananipigia: "Mwanangu, mfumo unaingia unatoka, nina watu ishirini hapa dirishani." Tatizo lilikuwa /etc/machine-id. Kila Linux ya siku hizi ina namba yake humo, na mifumo mingi huitumia kujitambulisha kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao (IP), hata kama MAC, namba ya kadi ya mtandao, ni tofauti. Seva zetu mbili zilikuwa na namba moja, DHCP yao ikaziona ni mtu mmoja, ikazipa IP moja, zikaanza kunyang'anyana. Mama mmoja alikuja kuchukua mkopo wa ada ya mtoto akaondoka saa nane mikono mitupu. Huyo namjua, anauza maandazi Makorora, na ameacha biashara yake siku nzima kukaa kwenye benchi.

Siku mbili baadaye diski ikajaa. Tunalipia GB 100, df, amri ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha sehemu ndogo tu ya hizo. Nikachimba nikakuta faili tupu, /etc/cloud/cloud-init.disabled. Mtu aliizima cloud-init kwa makusudi, na niliyeongea naye akasema eti inachelewesha seva kuwaka. Jamani! Hiyo ndiyo programu ambayo seva ikiwaka mara ya kwanza inasoma taarifa zake kwenye 169.254.169.254, anwani ya ndani ya klaudi, au kwenye diski ya usanidi, inatengeneza funguo mpya za SSH, inaweka ufunguo wa mteja, inaweka jina la seva, inatanua sehemu ya diski ijae nafasi uliyolipia. Ukiizima, kila seva unayoifyatua inabaki pacha wa ile ya kwanza. Waliona inawachelewesha kwa sababu hawakuiambia iangalie wapi, basi wakaiua.

Na dawa ni ya bure. Zima VM, pitisha virt-sysprep kwenye imeji: inafuta funguo za seva, historia ya amri, logi, machine-id. Nimesema zima, maana ukiigusa diski ya VM inayokimbia unaweza kuiharibu, na wenye programu wameandika onyo hilo waziwazi. Funguo za kuingilia za watu usidhani zimeondoka zenyewe, fungua authorized_keys ya kila mtumiaji uhakikishe kwa macho. Ukitaka na mabaki ya faili zilizofutwa yasichimbuliwe, malizia na virt-sparsify. Machine-id iache faili ipo lakini tupu, seva itajiandikia yake ikiwaka.

Nilipowapigia, kijana wa huduma alinijibu: "Kaka, hiyo ni kawaida, template ndivyo zilivyo, wewe badilisha paswedi tu." Kubadilisha paswedi hakufuti mstari kwenye authorized_keys! Nikamwomba mkubwa wake. Mkubwa akaniambia nikitaka imeji iliyosafishwa ni huduma ya ziada, ina bei yake. Simu nilikata kwa sababu nilikuwa naelekea kutukana.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Marejesho ya mama wa maandazi ni taarifa binafsi. Kadi za wagonjwa wa zahanati ile ni zaidi ya hapo. Kumpa mteja kitasa chake mwenyewe hakuwezi kuwa huduma ya ziada.

Ninachodai kwao: waseme kwa maandishi zile funguo mbili ni za nani na imeji ile wamepewa wateja wangapi, wawajulishe wote, na warudishe pesa ya chama. Pesa yangu ya bando na usiku wangu sidai.

NYONGEZA saa nne usiku: Mdau ameuliza kwa nini sijafuta tu nikaendelea. Mkuu, nimefuta. Jana nimejenga imeji zetu upya kutoka kwenye nakala niliyobaki nayo, nimezisafisha, zimewaka, kila seva ina ufunguo wake na diski imetanuka yenyewe. Data zetu nimezihamisha. Ila kufuta kwangu hakuisaidii zahanati.

NYONGEZA ya pili: Nimewapata wale wa zahanati kwa simu. Amepokea mama mmoja mtu mzima, mpole, nikamwamkia, nikajieleza taratibu kwamba paswedi ya mfumo wao imezagaa na wanatakiwa waibadilishe leo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, sisi tulilipa, na tuliambiwa kila kitu kiko salama." Akaniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu. Daktari wao anarudi kesho saa mbili asubuhi, nampigia tena.