Mshauri wa kazi, kocha au wakala: nimlipe nani?

Kutoka: Mdogo wenu, Minneapolis (kwetu ni Section 58, Nakuru)

Hamjambo wapendwa. Nina digrii ya sayansi ya chakula ya Egerton, lakini huu ni mwaka wa nne nahudumia wazee zamu ya usiku. Kazi hii imesomesha ndugu zangu wawili na naiheshimu, ila mgongo umeanza kuuma na maabara bado naiota. Kuna kocha wa kazi anataka dola 1,200 kwa vikao sita. Mama mmoja kanisani ananiambia niende kwa washauri wa serikali, ni bure. Binamu naye anasisitiza wakala wa ajira. Hawa watu wana tofauti gani? Pesa hiyo kwetu ni karo ya mtu.

Kutoka: Mwalimu, Milimani, Kisumu

Mdogo wangu, usilipe bado.

Niliishi St. Paul, mji jirani na wako hapo Minnesota, miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi Kisumu, na nililipa mtu ambaye sikumhitaji. Nilifika na shahada ya ualimu ya Maseno. Kocha wangu alikuwa mpole na maswali yake yalikuwa mazuri: unajiona wapi miaka mitano ijayo, ni nini kinakuzuia? Lakini mimi sikuwa nimepungukiwa na moyo. Sikujua tu kwamba bodi ya jimbo ya leseni za walimu ilitaka vyeti vyangu vitathminiwe kwanza. Miezi minane nilikuwa najipa moyo huku karatasi zimelala sandukuni. Mpaka leo inaniuma.

Kocha hukusaidia kuamua, kisha hukufuatilia utimize. Anamfaa aliyekwisha kuingia na anataka kupanda cheo, au anayeona haya kudai mshahara unaomstahili. Hakuna leseni ya serikali inayohitajika ili mtu ajiite kocha, kwa hiyo muulize amefunzwa wapi, kama ana cheti cha ICF, chama cha kimataifa cha makocha, na kama amewahi kumsaidia mtu aliyesomea nje ya Marekani. Akibabaika hapo, mshukuru uende zako.

Mshauri wa kazi yeye hutazama masomo yako, ujuzi wako na soko la ajira la hapo ulipo. Hapo Minnesota ofisi zao zinaitwa CareerForce, na kila jimbo lina zake. Zinaendeshwa kwa kodi, hata hiyo unayokatwa wewe, kwa hiyo usiingie kwa unyonge kama mtu anayeomba msaada. Kabla ya kwenda, fanya jaribio la O*NET la Wizara ya Kazi ya Marekani: maswali 60, bila malipo, unamaliza kwenye simu. Linapima mvuto wako katika makundi sita ya kazi. Halitakuamulia maisha, lakini mshauri atakuwa na pa kuanzia.

Sasa, mshauri huyo huenda hajawahi kusikia jina Egerton. Agiza tathmini ya vyeti kutoka shirika lililo chini ya NACES, muungano wa Marekani wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, tena chukua ile inayochambua somo moja moja. Ile fupi husema tu kwamba digrii yako ni sawa na ya Marekani. Mwajiri wa maabara atataka kuona kemia na mikrobiolojia ulizosoma. Mara nyingi chuo chenyewe ndicho hutakiwa kutuma matokeo, kwa hiyo tafuta mtu wa nyumbani apande matatu ya Njoro, chuo kiliko, akafuatilie ana kwa ana. Barua pepe peke yake utangoja sana.

Nesi, na mwalimu wa shule ya umma, kwa kawaida hawaajiriwi bila leseni. Kazi nyingi za maabara ya chakula hazina kizuizi hicho, mwajiri ndiye huamua. Ndiyo maana unamhitaji zaidi mlezi wa kazi, mtu aliye ndani ya fani, ambaye halipwi. Uko mahali pazuri: kampuni za chakula za General Mills na Cargill makao yao makuu yako hapo hapo jirani, na IFT, chama cha wanasayansi wa chakula, kina tawi Minnesota. Omba mtu dakika ishirini. Usimwombe kazi. Muulize yeye aliingiaje, na angekuwa wewe angeanzia wapi.

Wakala analipwa na mwajiri ili ajaze nafasi. Anaweza kukupa zamu ya kupima ubora kiwandani, na hiyo ni njia nzuri ya kuingia. Ila ushauri wa maisha usiutafute kwake.

Kutoka: Kaka yenu, Lanet, Nakuru

Naongezea kwa walio bado nyumbani. Wakala wa kupeleka watu ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Hakikisheni kwa Mamlaka yenyewe, msitosheke na karatasi iliyobandikwa ukutani kwake. Mpwa wangu alipoteza pesa ya shamba kwa ofisi iliyokuwa na karatasi ya namna hiyo.

Kutoka: Mdogo wenu, Minneapolis

Mwalimu, Mungu akubariki sana. Nilifanya yale maswali saa tisa usiku wazee wakiwa wamelala. Kundi la uchunguzi ndilo limeongoza, nikalia kidogo. CareerForce nakwenda Alhamisi, na mama ameahidi kwenda Njoro Jumanne. Kocha nimemwambia asubiri. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kupitisha vyeti vya Egerton kwenye tathmini? Ilichukua muda gani?