Naombeni ushauri: seji grini ya kampuni moja haifanani na ya kampuni nyengine

Umm_Raudha (Chake Chake)
Asalaam alaykum wanajamvi. Nna shida ya rangi ya ukuta na siku zinanibana. Chumba changu cha kulala kimepakwa seji grini, kile kijani kilichotulia chenye ujivujivu. Sasa kuna pahala padogo nataka kupaka tena, rangi ya kampuni ile ya mwanzo hapa Chake imekwisha, nikapewa ya kampuni nyengine kwa namba ileile na dukani wakanambia itatoka sawasawa. Wallahi haijatoka. Panaonekana kama kiraka kwenye kanzu, mchana pamezidi ukijani, usiku nikiwasha taa panakuwa kama kijivu. Nimepaka mara ya pili, mara ya tatu, ndo kwanza panazidi kujitokeza. Nifanyeje zifanane? Nitie nyeupe kidogo mwenyewe? Nataka iwe tayari kabla ya Alkhamis.

Karafuu_Kavu
Waalaykum salaam. Dada paka nyeupe chumba kizima ulale. Hizi rangi za kuona kwenye simu za watu zinawatesa.

fundi_wa_rangi (Unguja)
Usitie nyeupe kwa mkono, utaharibu na hiyo ulonayo. Nijibu kwanza. Hapo pahala pana ukubwa gani? Rangi ya mwanzo ni silki au ile isong'aa? Kopo la zamani lipo? Na kwa nini panapakwa upya, palikuwa na nini?

Umm_Raudha
Ni padogo tu kaka. Ya mwanzo inang'aa kidogo, ukipitisha mkono laini, hii mpya haing'ai. Kopo tumepandia mrehani, karatasi yake ishatoka. Palikuwa pamechafuka.

Bi_Mkubwa_Wete
Mwanangu pole. Mie nilipomwoza binti yangu nilinunua ndoo mbili za lita 20 za sebule, duka moja, kampuni moja, ila siku mbali mbali. Ukuta wa kulia na wa kushoto zikatoka rangi mbili. Wageni hawakuona maana tulitundika mapazia lakini mie kila nikikaa pale jicho linakwenda kwenye kona tu, hata pilau sikulijua ladha yake. Tangu siku hiyo nikinunua ndoo mbili namlazimisha fundi azimimine kwenye pipa moja azikoroge pamoja kabla hajagusa rola. Harusi yenyewe alhamdulillah ilikwenda vizuri, sasa nna wajukuu watatu.

fundi_wa_rangi
Bi Mkubwa umesema kweli, hata kampuni moja kila mpiko una namba yake na zinapishana kidogo, ndo maana tunazichanganya.

Umm Raudha sikiliza. Namba ya rangi ni ya kampuni iloitunga. Inaiambia mashine itie wino gani, kiasi gani, kwenye bezi ipi, yaani ile rangi ya msingi kabla haijatiwa wino. Seji kwa kawaida wanachukua bezi nyeupe wakatia kijani kidogo, njano ya udongo na nyeusi. Kampuni nyengine bezi yake si hiyo na wino wake si huo, kwa hivyo dukani wanachofanya ni kutafuta kwenye kompyuta mchanganyo wa kukaribiana. Zile za RAL, kadi ya rangi za namba ya Ujerumani ilioanza 1927, ndo nyepesi kidogo maana makampuni mengi wanazichanganya, kijani zake zote namba inaanzia na 6, lakini yako haionekani kuwa ya huko.

Hilo la mchana kijani usiku kijivu halikuanza kwako. Wino tofauti zinaweza kukubaliana kwenye jua zikaachana kwenye taa. Na ukiweka silki karibu na isong'aa, hata ingekuwa rangi ni moja, jicho litaona mbili, kwa sababu ile silki inarudisha mwanga.

Lakini kuna kitu hujanambia. Ukuta uliochafuka hauwi vile, na hautaki mikono mitatu. Plasta ya hapo ni ya lini?

Nahodha_Mkoani
Na mie niulize hapohapo, boti yangu ubavu mmoja umepauka kwa jua nataka kuongeza rangi bila kupaka wote, nifanyeje?

Umm_Raudha
Plasta ina siku tano. Bomba la choo linapita nyuma ya ukuta lilikuwa linavuja, ukuta ukawa unatoa unga mweupe wa chumvi, kitanda kinanuka unyevu na mtoto anakohoa. Nikaita fundi akavunja kama mita moja kwa mita moja na nusu, akabadilisha bomba akaziba. Sioni kama hilo linahusu rangi.

fundi_wa_rangi
Linahusu kuliko yote! Plasta ya saruji inataka kama wiki nne ikauke, na hewa ya Pemba ilivyo nzito usipunguze hata siku. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi, halafu inanyonya, ndo maana panatoka mabaka. Umepiga praima, ule mkono wa kwanza wa kutangulia rangi?

Umm_Raudha
Sikupiga. Wiki nne sina. Mume wangu anarudi Alkhamis kutoka Muscat. Chumba alikipaka yeye mwenyewe kabla hajasafiri, siku tatu hakulala mchana, na lile bomba alinambia nisiliguse mpaka arudi. Sikumwambia kama nimevunja. Fundi nshampa nusu ya pesa na kesho anakuja kupiga mkono wa nne. Naombeni mnisaidie kwenye rangi tu.

Shangazi_wa_Kojani
Haya ndo yalikuwa yanatafutwa tangu mwanzo. Mwanangu mume haambiwi uongo kwa brashi. Mtoto anakohoa, umetengeneza bomba, hilo jambo la kheri, unalificha kwa lipi? Mpigie leo. Ukuta atauona tu, hata ufanane vipi, mtu alopaka kwa mkono wake anaujua.

Umm_Raudha
Shangazi mie simdanganyi, nataka tu akiingia asikute bandiko mbele ya macho. Katoka mbali, kachoka. Ntamwambia baadae akishapumzika.

Karafuu_Kavu
Sogeza kabati hapo, kwisha.

Umm_Raudha
Kabati haliendi, upande ule kuna swichi na kiyoyozi.

Jicho_la_Mwewe
Samahani, mie nna wasiwasi na uzi huu. Kopo limepandwa mrehani na karatasi imetoka, sasa hiyo "namba ileile" ilopelekwa dukani imetoka wapi? Mwanzo pamechafuka, kisha bomba, kisha mume. Na fundi kaja haraka na maelezo ya kitabu kizima. Mara ya mwisho uzi kama huu uliishia kwa mtu kuleta jina la duka na watu wakaenda kununua. Naona ni tangazo, mkae macho.

Nahodha_Mkoani
Duh. Hata mie nilijiuliza hilo la namba.

Bi_Mkubwa_Wete
Wacheni kumkashifu mtoto wa watu. Duka gani lililotajwa? Mie nimesoma kutoka juu mpaka chini sikuona.

fundi_wa_rangi
Mie sina duka. Nimepaka rangi miaka mingi Mji Mkongwe na nje yake, nimeona watu wanapaka rangi za plastiki juu ya kuta za mawe na chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, msimu mmoja ngozi yote inabanduka. Nikisikia mtu anapaka juu ya unyevu siwezi kunyamaza. Ukiona ni tangazo usininunulie kitu.

Umm_Raudha
Ndugu Jicho hukukosea kuuliza. Namba mume wangu aliiandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, kwenye ubavu, na tarehe na lita ngapi alizotumia. Nimeikuta wakati nakunja nguo. Yale mengine sikuyasema mwanzo kwa sababu niliona haya, si kwa sababu ya duka. Jana usiku nimekaa naangalia ile hati yake ya penseli nikalia.

Jicho_la_Mwewe
Basi nimekuelewa, niwie radhi dada.

fundi_wa_rangi
Sasa mzuie huyo fundi wa kesho. Kwangua hiyo rangi, iwache plasta wazi ipate hewa. Ikishakauka piga praima ya kuzuia ukali wa saruji. Kwa rangi usipeleke namba, peleka kipande cha ukuta chenyewe. Kata kwa wembe ganda la rangi kavu kama sarafu ya shilingi 200, kitoke kizima, mashine ya kusomea rangi ikisome. Usikate nyuma ya kabati. Huko rangi ni mpya bado, na chumba unakifukiza udi, si ndio? Moshi na vumbi ushageuza uso wa ukuta. Kata karibu na pale pale, chini ya swichi. Waambie silki. Kisha paka ubao kwanza mikono miwili, ukae siku nzima, uutazame asubuhi, mchana na usiku kwa taa yako. Na siku ya kupaka usipake kiraka, paka ukuta ule mzima kutoka kona mpaka kona, mwanga wa kila ukuta ni mbali mbali, jicho halitopata pa kulinganisha.

Umm_Raudha
Ahsante kaka. Fundi nimemzuia, nusu ya pesa amesema ataihesabu kwenye praima. Udi nafukiza kila Ijumaa na chetezo nakiweka palepale pembeni ya kitanda, kweli ukuta wa hapo umepiga manjano, sikuwahi kuona mpaka uliposema. Kuna tone la rangi kwenye kopo la mrehani nilitaka kulipeleka dukani, naona nalo silipeleki.

Umm_Raudha
Jamani narudi. Nimempelekea mume wangu sauti jana baada ya isha, nikamweleza yote. Kanijibu saa saba usiku, kauliza bomba limewekwa la ukubwa gani, na Raudha kifua kinaendeleaje. Kuhusu rangi kasema anakuja na brashi zake.

Ganda nimelikata chini ya swichi, nimelitia kwenye kibiriti lisivunjike. Nimewaletea picha ya plasta, katikati bado ina duara la weusi wa maji kama sinia.